Sindano za urembo: Botox si filla, na dripu ya weupe ni jambo jingine kabisa

Siku hizi ukikaa saluni nusu saa utalisikia neno Botox likitumika kwa kila kitu. Mteja mmoja anashauriwa afanyiwe "botox ya nywele". Mwingine anasimulia habari za rafiki yake aliyerudi kutoka Dubai akiwa na midomo imejaa: kapiga botox. Wa tatu anauliza kama botox inang'arisha ngozi. Na mitandaoni msanii yeyote anayeonekana na sura ngeni hukumu yake ni ileile. Inawezekana kabisa kwamba katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekuwa akizungumzia Botox yenyewe.

Tuondoe kwanza mawili yasiyohusika. "Botox ya nywele" haina Botox ndani yake. Ni mchanganyiko wa mafuta, protini na viambato vya kulainisha, unapakwa kisha nywele zinapigwa pasi. Jina limeazimwa kwa sababu linauza. Na krimu zinazojiita botox ya kupaka haziwezi kufanya kazi ya sindano, kwa kuwa molekuli ya dawa hiyo ni kubwa mno kupenya ngozi iliyo nzima. Ingekuwa inapenya kwa kupakwa, madaktari wasingejisumbua kuchoma watu.

Zinabaki sindano, na hizo nazo haziko za namna moja. Kuna inayolegeza msuli, nayo ndiyo Botox, kuna inayojaza nafasi, yaani filla, kuna inayochokoza ngozi ijijenge, na kuna ambazo hazina faida yoyote iliyothibitishwa kwa uso. Moja inaisha nguvu baada ya miezi mitatu, nyingine inabaki mwilini maisha yote. Moja ikienda vibaya inayeyushwa hapohapo, nyingine haitoki ila kwa kisu, tena si yote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kuoneshwa picha za "kabla na baada", mtu anatakiwa aulize: ndani ya hilo bomba kuna nini?

Uso unazeekaje

Mtu akikasirika hukunja ndita, akicheka pembe za macho hujikusanya. Ngozi ya kijana ikishakunjwa hurudi ilivyokuwa. Umri unavyokwenda, kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na zile nyuzi zinazoivuta ngozi irudi mahali pake hupungua, na mkunjo huanza kukaa hata uso ukiwa umetulia. Ni kama khanga iliyowekwa sandukuni miaka mingi kwa kukunjwa vilevile: siku ukiitandaza, mstari upo palepale, na kuipapasa kwa mkono hakuuondoi. Botox inachofanya ni kumzuia mtu asiendelee kukunja. Mstari uliokwisha kuingia kwenye nguo unaweza kufifia, lakini kuuondoa ni kazi nyingine.

Hayo ni makunyanzi. Upo upande wa pili ambao hauzungumzwi sana, nao ni kupungua. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya uso hupungua na kushuka. Hata mfupa wenyewe hupungua: tundu la jicho hupanuka, taya husinyaa. Shavu likiingia ndani, ngozi iliyokuwa imelivaa inakuwa kubwa kuliko kinachofunikwa, nayo inaporomoka kuelekea kidevuni. Hapo utalegeza misuli yote na hutapata nafuu, kwa sababu tatizo si msuli.

Ule msemo kwamba mtu mweusi hazeeki ni kweli nusu. Melanini huikinga ngozi na sehemu ya miale ya jua, ndiyo maana mistari midogomidogo humchelewa Mwafrika ukimlinganisha na mzungu wa umri wake. Ila mifupa na mafuta hupungua hata kwa mtu mweusi. Kwetu uzee wa uso hujionesha zaidi kwa mashavu kuzama, mifuko chini ya macho, mkunjo mrefu unaotoka puani hadi pembeni mwa mdomo, na madoa. Mama wa miaka 55 anayeingia kliniki ya Masaki au Westlands akitaka "botox ya mashavu" ameomba dawa ambayo haitamfaa. Kliniki yenye heshima itamwambia hivyo.

Sumu iliyogeuka dawa

Botox ni jina la kibiashara. Dawa yenyewe ni sumu ya botulini aina ya A. Dysport na Xeomin ni majina mengine ya sumu hiyohiyo kutoka kwa watengenezaji wengine. Ndiyo, ni sumu, tena ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Inatolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo na hewa, kama ndani ya chakula cha kopo kilichofungwa vibaya. Katika miaka ya 1820 daktari Mjerumani Justinus Kerner aliandika habari za watu wa Württemberg waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika: kope zililegea, kumeza kukawa shida, sauti ikapotea, mwisho pumzi, na muda wote huo akili yao ilikuwa timamu. Kerner huyohuyo ndiye aliyewaza kwamba kitu hicho kikitolewa kwa kiasi kidogo kabisa kingeweza kutibu.

Wazo lake lilisubiri zaidi ya miaka 150. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila upasuaji, na katika miaka ya 1970 akaanza kuichoma sumu hiyo kwenye misuli inayovuta jicho. Mwaka 1989 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Urembo ulikuja kwa bahati. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa na mgonjwa wa kope ambaye siku moja alinung'unika kwamba hakuchomwa katikati ya nyusi kama kawaida. Akichomwa pale, alisema, uso wake unaonekana umetulia. Jean akampelekea habari mumewe, Alastair, daktari wa ngozi. Mwaka 1992 walichapisha matokeo yao, na mwaka 2002 FDA ikaruhusu Botox kwa ndita.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia kwenye ncha ya mshipa na kuikata protini inayowezesha kemikali hiyo kutoka. Amri inashuka kutoka kwenye ubongo kama siku zote, lakini haimfikii msuli. Hakuna kilichojazwa, hakuna kilichovutwa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku tatu hadi tano, hukamilika karibu wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne mshipa unakuwa umejirekebisha na ndita zinarudi.

Kilichoitoa sumu hii kwenye makaburi ya Württemberg na kuileta kliniki ni kipimo. Kwa ndita za katikati ya nyusi kipimo kilichoidhinishwa cha Botox ni yuniti 20, yaani yuniti 4 katika sehemu 5. Kiasi kinachokadiriwa kumuua mtu mzima kwa sindano ni maelfu ya yuniti. Nafasi iliyopo katikati ni pana, ili mradi anayepima anajua anachokipima. Yuniti za Dysport, kwa mfano, hazilingani na za Botox, na anayezihesabu kama kitu kimoja anaweza kukosea vibaya.

Ukipata nafasi ya kuangalia inavyoandaliwa, kitazame kichupa. Utadhani ni kitupu. Dawa ni utando mweupe mwembamba uliokaushwa, umeng'ang'ania chini ya kioo. Daktari anatoboa mfuniko wa mpira kwa sindano yenye maji ya chumvi ya hospitali, na kichupa kinayavuta maji chenyewe, kwa sababu kimefungwa bila hewa ndani. Kisipovuta, maelekezo ya mtengenezaji ni kwamba kitupwe. Kikishavuta hakitikiswi, kinazungushwa taratibu. Kisha unaambiwa kunja uso, unawekewa alama kwa penseli nyeupe, na sindano nyembamba kama ya insulini inapita sehemu moja hadi nyingine. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi.

Ninaeleza yote hayo ili usomaye ujue usichotakiwa kukiona. Kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mtu anayekuja nyumbani kwako na bomba lililokwisha kujazwa, halina jina, limetoka kwenye pochi iliyozunguka na joto la mchana la Dar, amekujibu maswali yako yote kabla hujauliza.

Madhara ya kawaida ni madogo: kichwa kuuma, alama ya mchubuko. Linalokera ni kope kulegea, pale dawa inaposogea hadi kwenye msuli unaoinua kope. Jicho linabaki nusu kwa wiki kadhaa, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu iliyokwisha kushika. Mjamzito na anayenyonyesha hawachomwi, wala mwenye maradhi ya kudhoofika misuli. Na kuhusu ile hofu kwamba ukiacha uso unazeeka mara mbili, hapana: ukiacha, msuli unarudi kazini na wewe unarudi ulipokuwa. Ugumu ni kwamba wakati huo umeshaizoea ile sura nyingine kwenye kioo.

Filla, ambayo watu hawaiogopi vya kutosha

Midomo iliyojaa, shavu lililoinuka, kidevu kilichochongoka, hizo ni kazi za filla. Nyingi zinazotumika leo ni jeli ya asidi ya hyaluroniki, kitu ambacho mwili hutengeneza wenyewe na ambacho sifa yake kubwa ni kushika maji. Ya asili huvunjwavunjwa na mwili upesi, kwa hiyo viwandani minyororo yake hufungwa pamoja ili ikae. Zamani iliwahi kutolewa kwenye upanga wa jogoo. Sasa hutengenezwa kwa bakteria. Restylane, ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani, iliidhinishwa mwaka 2003. Kabla yake watu walichomwa kolajeni ya ng'ombe, iliyoruhusiwa mwaka 1981, na ilibidi mtu ajaribiwe kwanza mkononi kuona kama mwili utaikataa.

Filla ya hyaluroniki hudumu miezi 6 hadi 18 kutegemea aina na mahali ilipowekwa. Huja kwenye bomba lililojazwa kiwandani, kwa kawaida mililita moja, yaani kama moja ya tano ya kijiko cha chai. Wanaotaka mabomba sita kwa mkao mmoja wazingatie kwamba uso hauna nafasi ya bure kiasi hicho. Sura za kuvimba tunazocheka mitandaoni chanzo chake mara nyingi ni hapo, kuongeza juu ya kilichopo kabla hakijaisha.

Sasa, watu huikimbia Botox kwa sababu ya neno sumu, halafu wanaikumbatia filla kwa sababu wameambiwa ni "jeli ya asili". Nadhani mizani imegeuzwa. Botox halali ikikosewa na daktari, kwa kawaida unavumilia wiki chache. Filla inaweza kuingia ndani ya mshipa wa damu na kuuziba, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo ikaanza kufa. Mishipa ya uso imeungana na ya jicho, hasa kwenye pua na katikati ya nyusi. Jeli ikisukumwa kwa nguvu pale inaweza kurudi nyuma hadi kwenye jicho, na mtu akapofuka akiwa bado kitini. Hutokea kwa nadra. Lakini upofu huo mara nyingi haurudi kuwa nuru.

Ipo dawa ya kuyeyusha, kimeng'enya kinachoitwa hyaluronidesi, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua filla ya hyaluroniki kuliko zinazosifiwa kwamba ni za kudumu. Ikiwahi, huokoa ngozi. Shida ni kuwahi. Wanaojifunza kuchoma filla hufundishwa kuangalia ngozi inayogeuka nyeupe ghafla, na kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaweza usionekane. Inabidi mchomaji abonyeze ngozi na kutazama rangi inarudi upesi kiasi gani, asikilize maumivu yanayozidi badala ya kupungua, atazame madoadoa ya zambarau, na kama ni midomo atazame ndani ya mdomo. Anayekuchoma ambaye hajafundishwa hayo, au ambaye hana hyaluronidesi kwenye kabati lake, likitokea la kutokea atakuwekea barafu na kukuombea.

Kwa sisi wenye ngozi ya kuota makovu yaliyovimba, keloidi, na ya kubaki na doa jeusi kila panapojeruhiwa, ni vizuri kulitaja hilo mapema. Halizuii sindano moja kwa moja, lakini linabadilisha namna na idadi ya matundu.

Zilizobaki kwenye foleni

Kuna sindano ambazo hazijazi sana zenyewe bali huichokoza ngozi itengeneze kolajeni, na mojawapo ina historia inayotugusa. ARV zilipoanza kusambaa Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, stavudini ilikuwa ndani ya mchanganyiko waliopewa wagonjwa wengi. Iliokoa maisha, ila ilikula mafuta ya uso. Mashavu yakazama, na mtaani watu wakawa wanamtangazia mtu hali yake kwa kumwangalia shavu. Sculptra, iliyotengenezwa kwa kitu cha jamii ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa kazi hiyo hasa, kuwarudishia sura watu wanaoishi na VVU. Urembo ulifuata baadaye. Wagonjwa wa kwetu kwa sehemu kubwa hawakuiona. Walichopata ni kubadilishiwa dawa, baada ya Shirika la Afya Duniani kushauri mwaka 2009 kwamba stavudini iachwe hatua kwa hatua. Ukimsikia mtu akisema sindano za uso ni anasa na majivuno tu, mkumbushe hao.

Silikoni ya maji ni habari nyingine. FDA haijawahi kuiidhinisha kwa kuchoma usoni au mwilini ili kubadili umbo, na bado inauzwa kichinichini kwa sababu ni rahisi na haiishi. Kutoisha ndiko tatizo. Inahama, inatengeneza mabonge, na hakuna cha kuiyeyusha. Kosa hili ni la zamani: mwanzoni mwa karne ya 20 Gladys Deacon, mrembo aliyevuma Ulaya na baadaye akaolewa na Duke wa Marlborough, mtu wa ukoo wa kilodi wa Uingereza, alichomwa nta ya parafini ili anyooshe pua. Nta ilitelemka na kuuharibu uso wake, naye akaishi nao hadi uzeeni.

Ipo pia ile ya kutolewa damu, ikazungushwa kwenye mashine, na sehemu yake ya majimaji ikarudishwa usoni kwa vijisindano. Damu ni yako mwenyewe, kwa hiyo wengi huona haina neno. Mwaka 2024 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilitoa taarifa ya wateja wa spa moja isiyo na leseni huko New Mexico walioambukizwa VVU kwa njia hiyo, kesi za kwanza kurekodiwa za VVU kupitia sindano za urembo. Vifaa vya matumizi ya mara moja vilikuwa vikitumiwa tena.

Na dripu za weupe, zile za glutathioni? Hazihusiani na makunyanzi wala mashavu. FDA haijaziidhinisha kwa kubadili rangi ya ngozi, na mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambako zimeenea sana, imewaonya wananchi wake kuhusu madhara kwenye ini, figo na upele mkali unaobabua ngozi. Kwa maoni yangu huo ni mkorogo uliohamia kwenye mshipa.

Feki, na wa kumuuliza

Mwaka huohuo wa 2024 CDC iliripoti watu 22 katika majimbo 11 ya Marekani waliodhurika baada ya kuchomwa Botox ya bandia, au iliyochomwa na watu wasio na leseni, au nje ya vituo vya afya. 11 kati yao walilazwa. Wengi walichomwa majumbani na kwenye spa. Kama yametokea katika nchi yenye ukaguzi mkali namna ile, sisi ambao vifurushi vinaingia ndani ya begi la abiria hatuna sababu ya kujidanganya.

Tanzania Bara, dawa iliyosajiliwa inajulikana kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya ni Pharmacy and Poisons Board. Leseni ya daktari inaulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika au, kwa Kenya, KMPDC, ambayo orodha yake ya madaktari mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Madaktari wa ngozi tunao: chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu miaka ya 1990. Cheti cha kozi ya siku mbili kilichotundikwa ukutani karibu na picha ya mwenye saluni si leseni ya kuchoma uso wa mtu.

Mwambie akuoneshe boksi likiwa halijafunguliwa. Piga picha ya jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Filla halali huja na stika zenye namba hiyo, moja ibaki kwenye faili lako. Muulize hyaluronidesi iko wapi, uione kwa macho. Akikasirika, umeokoa pesa.

Ukishachomwa Botox, hata kama zimepita siku kadhaa au wiki, ukianza kuona viwili viwili, kushindwa kumeza, kubadilika sauti au kupumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa filla, maumivu makali yanayozidi, ngozi inayofanya madoadoa au jicho kuingia giza havisubiri hata jioni. Rudi kwa aliyekuchoma mara moja kama ana dawa ya kuyeyusha, la sivyo hospitali kubwa iliyo karibu. Chukua boksi au ile picha. Na mwambie daktari wa zamu ukweli, hata kama nyumbani hawajui ulikwenda kufanya nini, maana akidhani ni kiharusi au mzio wa chakula, atatibu kiharusi au mzio wa chakula.